Kabla ya kununua pampu ya bwawa, tuhesabu bidoni

(Mazungumzo ya fundi wa maji wa chama mbele ya wanachama na wageni, Swima. Tumeyaandika karibu na jinsi yalivyosemwa, tumepunguza marudio tu.)



Nimeombwa niseme juu ya pampu, ile tunaita pompe, ya kuingiza maji katika mabwawa ya samaki tuliyochimba nyuma ya nyumba. Mama karani ameniambia kwamba maombi yaliyo mezani kwake karibu yote yana neno moja: motopompe. Na wageni wetu wameuliza swali la haki kabisa: tununue ngapi? Ninaomba tusilijibu leo asubuhi. Tuhesabu kwanza bidoni. Mimi naona motopompe moja ya chama inatosha kujaza mabwawa yetu, pampu ndogo za jua zitafidia maji yanayopotea kila siku, na kuna wenzetu kadhaa ambao hawahitaji pampu hata moja. Sikilizeni hesabu, kisha mnipinge.

Lakini kwanza niseme kwa nini hili si jambo dogo. Sisi wengi tulirudi kutoka Lugufu na Nyarugusu, safari za meli za Kigoma kuja Baraka zilipoanza Oktoba 2005 na miaka iliyofuata. Tulikuta paseli zimebaki, mashamba ya mlimani yamekuwa pori, na mpaka leo kuna miezi ambayo mama hawezi kupanda mlimani na jembe akiwa na amani moyoni. Kwa hiyo kile kipande nyuma ya nyumba njo shamba letu la uhakika. Kinaonekana kutoka mlangoni.

Na ziwa nalo si lile la baba zetu. Wavuvi waliopo hapa wanajua kuliko mimi. Mwaka 2003 wataalamu waliandika katika jarida la Nature kwamba kupata joto kwa maji ya Tanganyika kumepunguza chakula kinacholisha samaki wa ziwa hili. Mwaka 2024 ng'ambo, Tanzania, uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, kutoka 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa. Mimi siupingi uamuzi kama huo. Ila mtoto hajui kalenda ya samaki, anauliza mboga leo. Bwawa dogo haliwezi kuchukua nafasi ya ziwa, lakini linaweza kutoa mboga mara mbili kwa wiki, na maji yake yakamwagilia lengalenga na nyanya wakati wa kiangazi, wakati ambao soko halina kitu. Ndiyo maana pesa hii ya chama nataka iende mahali pake.

Sasa hesabu. Tuchukue bwawa la mita 10 kwa mita 6. Ni mita 60 za mraba. Upande mmoja kina ni kidogo, upande mwingine ni mita moja, kwa wastani tuseme sentimita 80. Hayo ni maji lita 48,000. Ni bidoni 2,400 za lita 20. Ukisikia namba hiyo lazima uombe motopompe, na mimi nakuelewa.

Lakini unajaza mara ngapi? Bwawa la samaki kama letu hujazwa mara moja, halafu unalinda lisishuke. Wapo wanaofikiri maji lazima yaingie na kutoka kila siku kama mto. Hapana. Maji yakitembea kila siku yanachukua ule ukijani ambao ndio chakula cha bure cha tilapia. Maji ya bwawa zuri yana rangi ya kijani, ukitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko vidole vinaanza kupotea machoni. Ukiyabadilisha kila siku unatupa chakula.

Kwa hiyo kinachohitajika kila siku ni kufidia. Jua linachukua milimita kadhaa, udongo unakunywa zingine. Katika udongo mzuri wa mfinyanzi tuweke sentimita moja kwa siku, yote pamoja. Sentimita moja juu ya mita 60 za mraba ni lita 600. Bidoni 30. Hizo njo namba mbili za kushika leo: bidoni 2,400 mara moja, bidoni 30 kila siku.

Motopompe ya kawaida ya inchi mbili, kwenye karatasi yake wanaandika inatoa lita 30,000 kwa saa. Hata ikitoa nusu tu, inajaza bwawa zima kwa saa tatu na kitu. Vizuri sana. Lakini zile bidoni 30 za kila siku itazitoa kwa dakika mbili na nusu! Halafu inalala mpaka kesho. Sasa niambieni, nyumba ishirini zikiwa na motopompe ishirini, kila moja inafanya kazi dakika mbili na nusu kwa siku, tumefanya nini? Tumenunua mashine ishirini za kulala. Na esansi yake inatoka mbali. Barabara ya Uvira ikikatika, au daraja likienda na maji, bei inaruka siku hiyo hiyo.

(Hapa mzee mmoja alisema kwamba motopompe kwenye paseli ni heshima. Watu walicheka. Nilimjibu kwamba heshima ya samaki mezani ni kubwa zaidi, naye akakubali kwa masharti.)

Kabla ya pampu ya aina yoyote, nenda nyuma ya nyumba yako utazame mlima. Swima imebanwa kati ya mlima na ziwa, na maji mengi yanashuka yenyewe. Chukua bidoni ya lita 20 na simu yenye saa, nenda kwenye kijito au chemchemi iliyo juu ya paseli yako, pima inajaa kwa muda gani. Ikijaa kwa sekunde 20, una lita moja kwa sekunde: bwawa lote la lita 48,000 litajaa kwa saa 13 na kidogo. Usiku mmoja! Na hata kile kichemchemi ambacho mnakidharau, kinachojaza bidoni kwa dakika kumi, kwa siku moja usiku na mchana kinatoa bidoni 144. Sisi tunataka 30. Mtu mwenye maji hayo anahitaji mfereji au tiyo, na jembe. Mashine ya nini?

Hili si jambo nimelibuni. Enzi za Zaire, miaka ya 1970 na 1980, mabwawa ya tilapia yalichimbwa kwa wingi huko Kasai na Bandundu, wakulima na koleo zao, maji yakiletwa na mfereji kutoka kwenye kijito. Walichagua mahali pa kuchimba kwa kufuata maji. Sisi wengi tumechagua mahali palipobaki baada ya kujenga nyumba na choo, halafu tunatafuta mashine ya kuleta maji pale. Inaeleweka, paseli ni ndogo. Lakini anayeanza kuchimba sasa asikilize.

Kujua kama maji yatafika yenyewe, hatuhitaji mhandisi. Tiyo ya plastiki inayoonyesha ndani, ile nyembamba, mita 10 au 15, ijaze maji bila mapovu. Mmoja anashika ncha moja kwenye chanzo, mwingine ncha nyingine upande wa bwawa. Maji ndani ya tiyo yatasimama usawa mmoja pande zote mbili. Ukisogea hatua kwa hatua na fimbo iliyopimwa, utajua kama chanzo kiko juu ya bwawa na kwa sentimita ngapi. Macho yanadanganya sana katika mteremko, hata ya fundi.

Jambo la kijito lina neno lingine, nalo ni la watu. Juu yako yuko mtu, chini yako yuko mtu, na mama zetu wanateka pale pale. Kabla ya kupindisha hata tone, mketi, kama wazee walivyoketi lubunga, mkubaliane: nani anajaza siku gani, saa ngapi, na kiasi gani cha maji lazima kibaki katika kijito hata wakati wa kiangazi. Mimi ningependa kujaza kufanyike usiku, wakati hakuna anayeteka. Nimeona ndugu wakikosana kwa mfereji wa upana wa kiganja. Chama kisitoe tiyo kwa mtu ambaye hajaleta majirani wake wa chini mbele ya kamati.

Sasa wale wa upande wa ziwa, kwenye mchanga. Hapa nasema bila kuficha. Bwawa katika mchanga linaweza kushuka sentimita tano kwa siku. Hiyo ni lita 3,000, bidoni 150 kila siku, na bado utaongeza. Kumpa mtu huyu pampu ni kumwagilia mchanga. Dawa yake ni udongo wa mfinyanzi, uletwe, utandazwe unene wa sentimita 20 hadi 30 chini na pembeni, ulowanishwe, ukanyagwe na miguu ya watu wengi mpaka uwe kama chungu. Turubai lile la kambi mnalolitunza, mimi silitegemei. Jua linalila, na likitoboka chini hutajua wapi.

Kujua kama bwawa lako linavuja ni rahisi. Chukua ndoo, tia maji, iweke ikae ndani ya bwawa lakini mdomo wake uwe juu, weka alama ndani ya ndoo na alama kwenye fimbo ya bwawa. Baada ya siku tatu bila mvua, soma. Maji ya ndoo yaliyopungua yamechukuliwa na jua. Bwawa likipungua zaidi ya ndoo, tofauti ile imekunywewa na udongo. Ninaomba kamati isipokee ombi lolote la pampu bila namba hizo mbili.

Na mvua tusiisahau. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 30 ikinyesha, linatoa lita 1,200. Ni siku mbili za kufidia, bure. Mfereji wa bati ukingoni mwa paa ni bei ndogo kuliko pampu yoyote.

Tufike kwa wale ambao kweli wanahitaji pampu: bwawa liko juu kuliko maji, udongo unashika, na kisima au kijito kiko chini, tuseme mita nane kwenda chini. Hawa ndio ningewapa pampu ndogo ya jua, ya kuzama, ya volti 12 au 24, na paneli ya wati 100. Watu wanaidharau kwa sababu ni ndogo kama chupa. Lakini ikitoa lita 500 kwa saa kwenye urefu huo, kwa saa tano za jua kali inakupa lita 2,500. Ni bidoni 125. Bwawa linataka 30, na bustani ya mita 100 za mraba ukiipa lita tano kwa kila mita inataka 25. Jumla 55. Bado una ziada ya siku za mawingu. Kujaza bwawa kutoka mwanzo kwa pampu hii kungechukua zaidi ya wiki tatu, ndiyo maana kujaza tunaacha kwa motopompe ya chama. Kila mashine na kazi yake.

Ukienda kununua, usidanganywe na karatasi. Wanaandika namba mbili: inapandisha mita 30, inatoa lita 6,000 kwa saa. Hizo namba hazikai pamoja hata siku moja. Lita 6,000 ni pale ambapo haipandishi kitu, maji yanatoka mdomoni mwake tu. Mita 30 ni pale ambapo maji yamefika juu yakasimama, hakuna hata tone linalotoka. Wewe uko katikati. Mwulize muuzaji: kwa mita nane inatoa lita ngapi? Asipojua, mwambie aijaribu mbele yako, tiyo imefungwa juu ya mti au ghorofani, bidoni chini yake, saa mkononi. Anayekataa jaribio hilo, ondoka dukani kwake.

Tiyo nayo. Watu wananunua pampu nzuri halafu wanaifunga tiyo nyembamba kwa kuokoa dola chache. Ukipunguza upana wa tiyo kwa nusu, na unataka maji yale yale yapite, msuguano unapanda karibu mara 30. Pampu inapiga kelele, maji yanatoka kama mkojo wa mtoto. Kwa pampu hizi ndogo tumia tiyo ya inchi moja, kona ziwe chache.

Ile motopompe ya chama haizami, inavuta. Hapo kuna mpaka ambao pesa haiwezi kuuvuka. Kinachosukuma maji yapande ndani ya tiyo ya kuvutia ni uzito wa hewa, na hapa kando ya ziwa, karibu mita 770 juu ya bahari, hewa yote haiwezi kusukuma maji zaidi ya mita tisa na kitu, hata mashine iwe ya bei gani. Kwa kazi ya kweli, usizidi mita sita. Mashine ikae karibu na maji, isukume kwenda juu. Kusukuma inaweza sana, kuvuta ndiko kunaishinda. Ila msiishushe ndani ya shimo la kisima! Moshi wa esansi hauonekani wote, unakaa shimoni, na mtu anayeshuka kuizima anaweza asipande tena. Kama maji ya kisima yako chini sana, motopompe si ya kisima hicho.

Kwa asiyetaka jua wala esansi kuna pampu ya kukanyaga kwa miguu. Ilianzia Bangladesh, na Kenya shirika la KickStart, ambalo zamani liliitwa ApproTEC, limeuza nyingi kwa wakulima wadogo kwa jina la MoneyMaker. Inavuta hadi mita saba hivi, inarekebishwa kwa kipande cha ngozi au mpira. Vijana wawili wenye nguvu wataleta bidoni 30 kabla ya chai. Najua vijana wetu hawatanipigia makofi kwa hilo.

Kuweka pampu yenyewe ndani ya maji. Isilale chini kwenye matope, itakula matope ife. Iweke juu ya matofali au ndani ya kreti ya plastiki iliyotobolewa, iliyofungwa neti, sentimita 20 au 30 kutoka chini. Ishushwe na kupandishwa kwa kamba. Anayeivuta kwa waya wake wa umeme ataingiza maji ndani ya mota. Isiwashwe ikiwa kavu, maana inapozwa na maji yale yale inayosukuma. Ipo swichi ya boya, inaelea, maji yakishuka inazima. Bei yake si kitu ukilinganisha na pampu mpya. Maungio ya waya yasiwe ndani ya maji, yawe juu kwenye boksi, na paneli itazame kaskazini kidogo kwa sababu sisi tuko kusini mwa ikweta, na iwe na mteremko wa kuoshwa na mvua.

Umeme wa volti 220 wa jenereta msiuingize ndani ya bwawa. Nasema tena kwa mama zetu ambao watoto wao wanarukaruka mle: msikubali, hata fundi akisema amefunga vizuri. Volti 12 au 24 zinatosha kazi yetu.

Watoto wenyewe: bwawa la mita moja linazamisha mtoto wa miaka mitatu kimya kimya. Uzio wa miti na mlango wenye kufungwa uwepo kabla ya maji. Kwangu hili ni sharti la kwanza la kupewa chochote na chama, kabla ya zile namba za ndoo.

Watu watauliza kama pampu itasaidia samaki wanapohema. Mnawaona alfajiri, midomo juu ya maji. Hewa ya kupumua imekwisha usiku, kwa sababu ule ukijani unaotoa hewa mchana, usiku nao unaitumia. Maji yakianguka kutoka juu kwenye jiwe yanachukua hewa, ni kweli. Lakini pampu ya jua bila betri inafanya kazi mchana, wakati samaki hawana shida, na alfajiri imelala! Kwa hiyo usinunue betri ya bei kubwa kwa sababu hiyo. Samaki wakihema, acha kutia samadi na chakula siku chache, ingiza maji mapya asubuhi, na mwakani pandikiza wachache. Wawili kwa kila mita ya mraba, 120 kwa bwawa letu la mfano, wanatosha kwa mtu anayelisha pumba na mabaki ya jikoni.

Mahali ambapo pampu ndani ya bwawa ina kazi nzuri kabisa ni bustani. Yale maji ya kijani, yenye mavi ya samaki, ni mbolea. Weka pampu kwenye bwawa, mwagilia mboga jioni kabla jua halijazama, kesho asubuhi fidia kwa maji safi kutoka chanzo. Maji yamefanya kazi mara mbili. Ila mboga inayoliwa mbichi isirushiwe maji hayo juu ya majani, mimina chini kwenye shina. Na maji ya bwawa si ya kunywa, si ya kuosha vyombo. Ukanda wetu huu wa ziwa unajua kolera vizuri. Pampu ikileta maji hadi mlangoni, mtu anasahau kwamba kuja karibu hakuyasafishi. Majani ya pembeni yakatwe mpaka kwenye ukingo, konokono wanaobeba kichocho na mbu wanapenda kujificha mle.

Walio karibu kabisa na ziwa wakumbuke miaka ya 2020, 2021 na 2024, maji yalivyopanda yakaingia nyumbani mwa watu, Uvira, Baraka, na huku kwetu. Pampu iwe ya kufunguliwa haraka, ibebwe na mtu mmoja. Hii pia ni sababu nyingine ya kupenda ile ndogo: siku tukisikia risasi, inaingia ndani ya mfuko wa nguo. Motopompe ya kilo ishirini na kitu utaiacha, na utajua atakayeichukua. Mfereji hauchukuliwi na mtu.

Basi ombi langu kwa mkutano, na wageni wetu walisikie, maana ni pesa yao pia. Tununue motopompe moja ya inchi mbili, ya chama, na tiyo zake, mita 60 za kusukumia na tiyo ngumu ya kuvutia yenye klape na chujio. Ikae kwa mtu mmoja tutakayemchagua, na daftari. Anayejaza bwawa analeta esansi yake na mchango mdogo wa spea. Bila mchango huo mashine itakufa kwa kukosa plagi ya dola moja. Pampu ndogo za jua tuanze na tano, kwa wale watano watakaoonyesha uzio, namba za ndoo, na kwamba maji hayawezi kufika yenyewe. Wasilipe zote mara moja, warudishe kidogo kidogo baada ya kila mavuno, pesa inunue ya sita na ya saba. Zinazobaki ziende kwenye tiyo za kuleta maji ya mlimani kwa vikundi vya nyumba tatu nne, ambako naona faida ni kubwa kuliko kote. Nawaomba wafadhili wasione haya kutuma picha ya mfereji badala ya picha ya mashine.

Jumanne ijayo asubuhi nitakuwa kwenye kijito cha upande wa juu na tiyo ya kupimia. Anayetaka kupimiwa aje na bidoni ya lita 20 isiyovuja, simu yenye saa, fimbo ya mita mbili iliyowekwa alama kila sentimita kumi, na jirani wake wa chini. Tukimaliza juu tutashuka kwenye visima vya mchangani. Mama karani ataandika majina sasa hivi, kabla hamjasimama.